Avril Aliyeshika Mkia

Mwone Avril Capstick anavyofika. Ni Jumapili asubuhi, mwezi wa Mei, kwenye kiwanja cha magari nyuma ya kanisa la Skelbeck, na mvua ya usiku bado inadondoka kutoka kwenye majani mapya. Yeye na mumewe Neville ndio wa kwanza, kama kawaida, maana Neville kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mabasi, na kwake kuchelewa ni dhambi iliyo jirani na wizi. Neville anashuka, anapiga makofi mara moja, ananusa hewa kama mtu aliyeinunua. Avril anashuka taratibu upande wa pili. Anafungua nyuma ya gari, anatoa buti zake, anatoa chupa ya chai, anatoa kikopo cha keki ya matunda kilichofungwa kwa uzi, chenye kipande cha jibini na kisu kidogo ndani, na mwisho kabisa anatoa reflekta ya manjano, kile kizibao kinachong'aa. Anaishika kidogo. Ukimtazama harakaharaka utadhani anatafuta tundu la kupitisha mkono. La hasha. Anatafuta ujasiri wa kuiacha ndani ya gari.

Hakuupata. Akaivaa.

Sisi katika kundi letu hutembea hivi: mbele anakwenda kiongozi mwenye ramani, nyuma kabisa anakwenda mkia. Kiongozi hapitwi, na mkia haachi mtu nyuma yake. Ukisimama kufunga kamba ya buti, mkia anasimama. Ukijitenga nyuma ya ukuta kwa haja yako, mkia anageuza uso na kuyasoma mawingu mpaka umalize. Mkia ndiye anayefunga mageti, kwani geti la mfugaji likibaki wazi ni aibu ya kundi zima, na wafugaji wa bonde letu hawasahau. Na mkia mwenyewe akibanwa na haja, je? Swali zuri. Hakuna aliyewahi kuliuliza.

Kiongozi alikuwa Neville. Mkia alikuwa Avril. Watu wageni wakisikia walisema, "Lo, inapendeza, mume na mke mnatembea pamoja!" Avril alitabasamu tu. Kati yake na mumewe kulikuwa na msafara mzima wa migongo.

Namna alivyoupata mkia huo ni fupi kusimulia. Miaka mingi nyuma, mzee aliyekuwa akiushika aliamka na mafua. Neville akageuka pale pale kiwanjani, mbele ya wote, akasema, "Avril atatushikia leo. Si ndiyo, kipenzi?" Na Avril akajibu lile neno ambalo watu wa kwetu hulisema wakiwa wanataka, hulisema wakiwa hawataki, na hulisema nyumba ikiwaka moto: "Sawa tu."

Mafua yale yakapona. Leo ile haikuisha. Krismasi iliyofuata kundi likachanga, likamnunulia reflekta mpya, na Rosalind Thwaite, katibu wetu, mwanamke mwenye mkono wa dhahabu kwa sindano, akaishona mgongoni kwa uzi mwekundu: AVRIL. Watu wakapiga makofi. Avril akalia machozi, na sote tukasema ona alivyofurahi. Maana kazi unaweza kuikataa, lakini zawadi iliyoshonwa jina lako utaikataaje?

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kulalamika. Alizaliwa wa sita kati ya sita, kwenye nyumba ya karibu na kinu cha zamani, na walioga Jumamosi mbele ya moto katika beseni moja la bati, mkubwa kwanza, mdogo mwisho, maji yale yale. Alikuwa msichana mkubwa, husema akicheka, alipogundua kwamba maji ya kuogea kwa kawaida ni maangavu, unaona hadi chini ya beseni. Baadaye alipika jikoni katika shule ya msingi, akala kila siku baada ya watoto kula na walimu kula. Alilea wanawe, akawaoza. Mwisho wa meza alipajua kama kwao.

Ila mwaka huu kulikuwa na jambo. Baada ya matembezi ya Mei kundi hula chakula cha mchana kwenye baa ya Kondoo Mweupe, upande wa pili wa bonde, na baada ya kula hufanya kikao cha mwaka. Neville alikuwa ameshamwambia Rosalind, na Rosalind ameshawaambia wote: atasimama aseme kwamba yeye na Avril wataendelea, mbele na nyuma, miaka mitatu mingine. Mikono itapanda juu, basi, imekwisha. Na Avril hakutaka. Alitaka kitu kidogo sana, kidogo mpaka alikionea haya: alitaka kutembea mbele.

Asubuhi ile akiwa anakaanga mayai aliipanga sentensi yake. Neville alipokaa, akaanza.

"Neville, nilikuwa nafikiria…"

"Fikiria huku unavaa buti, kipenzi. Tutachelewa."

Wakafika wa kwanza.

Tuliingia msituni kwa njia ya chini. Wakati ule wa mwaka vitunguu saumu mwitu hutanda sakafu nzima ya msitu, meupe maua yake, na harufu hukufuata hadi nyumbani ndani ya soksi. Juu kidogo, palipo pakavu, maua ya kengele yalikuwa yamejaa chini ya miti, ya buluu, kana kwamba anga limemwagika na hakuna aliyekwenda kuchukua kitambaa. Kundi lilikuwa na furaha. Rosalind, aliyekuwa akitembea wa mwisho kabla ya Avril, alikuwa akisimulia harusi ya mpwa wake tangu kiwanjani, na kikombe chake cha bati kilichoning'inia kwenye mkoba kiligonga, kong, kong, kong, kila hatua. Ukimwuliza Avril msitu ule unafananaje, atakueleza kikombe hicho vizuri kuliko mti wowote.

Mbele, Neville aliinua mkono. Tukanyamaza. Paa wawili walikuwa wamesimama kwenye uwazi, jike na mtoto, masikio yamesimama. Walio mbele waliwaona. Walio katikati waliona mikia yao ikiruka. Kikombe cha Rosalind kilipofika, kong, hapakuwa na kitu ila majani yanayotikisika. Ndipo akafika Avril.

"Aa, Avril!" Neville alisema kwa huruma ya kweli kabisa. "Umewakosa sasa hivi!"

"Sawa tu," akasema Avril.

"Kama ungewahi kidogo, mwenzangu," Rosalind akasema, na watu wakacheka, kwa sababu ulikuwa utani wetu wa siku zote. Avril amemkosa nungunungu, amemkosa bundi, ameukosa upinde wa mvua. Na kuna jingine: tulipoketi kupumzika juu ya gogo, tulipumzika sana, tukala peremende, na Avril alipotokea kwenye kona Neville akasimama akapiga makofi. "Haya, mkia umefika! Twende!" Hivyo ndivyo inavyokwenda. Mapumziko huisha mkia ukifika. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Msitu ukaisha, tukapanda kwenye mawe. Juu ya Skelbeck mwamba wa chokaa umelala wazi kama sakafu ya jumba lililobomolewa, vigae vikubwa vya kijivu, na kati ya kigae na kigae kuna nyufa za kwenda chini kuliko fimbo yako. Ndani ya nyufa humea majani marefu kama ndimi, mabichi mno, yaliyokimbilia huko kuwakwepa kondoo. Pale hutembei, unachagua pa kukanyaga. Kila mtu anatazama miguu yake. Na ng'ambo ya mawe kuna ukuta, na kwenye ukuta geti la mfugaji, bwana Iveson, na nyuma ya geti njia inashuka kwenye bonde dogo lisilo na upepo ambapo huwa tunakunywa chai. Tulipita getini mmoja mmoja. Kila mmoja aliliacha wazi kwa anayefuata, na Rosalind, wa mwisho wetu, akaliacha wazi kwa Avril.

Avril alikuwa katikati ya sakafu. Alikuwa amesimama kulitazama ua moja dogo la manjano ndani ya ufa, akainua mguu, akauweka pasipofaa, na buti la kulia likateleza chini mpaka juu ya kifundo. Halikuumiza. Lilikaa tu, kama kizibo kilichokaa kwenye chupa. Akavuta. Likakaa vizuri zaidi.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo penyewe. Shingoni mwake ilining'inia filimbi. Kila mkia anayo, ndiyo kanuni. Akaishika. Akaipeleka mdomoni. Halafu akajiuliza: je, nimevunjika? Hapana. Ninatoka damu? Hapana. Kuna ukungu? Jua linawaka. Filimbi ni ya mtu aliyevunjika mguu. Aipulize sasa, watu wazima waache chai yao, warudi wanakimbia juu ya mawe yanayoteleza, wamkute amesimama mzima na mguu kwenye shimo? Akaitoa mdomoni.

"Samahani," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kuomba chumvi mezani. Mgongo wa Rosalind ukaendelea.

"Samahani jamani?"

Kong, kong, getini, kisha kimya. Upepo ukapita. Na hapo ikamjia, pole pole, kwamba kiongozi humhesabu kila mtu kwa kumwuliza mkia, na mkia hahesabiwi na yeyote.

Akaketi, mguu mmoja ndani ya ardhi. Alinieleza baadaye, tukiwa jikoni kwake, kwamba hakuogopa mawe. Aliogopa kile kikao. Maana aliliona jambo lote wazi pale alipokaa, kama mtu anayeona sakafu ya beseni kwa mara ya kwanza. Asipopuliza filimbi, watakwenda hadi Kondoo Mweupe, Neville atasimama na kusema "mimi na Avril," na kunyamaza kwake huku juu kutahesabiwa kuwa ndiyo. Na akipuliza, Neville atakuja, atamwokoa, atambusu kipajini. Na mtu aliyekutoa shimoni sasa hivi utamwambiaje hapana saa moja baadaye mbele za watu? Kule kimya kinamfunga, huku shukrani inamfunga. Buti lilikuwa nafuu.

Akakaa hivyo hivyo. Na kwa kuwa alikaa, na kwa kuwa hapakuwa na kikombe, sungura akatoka.

Si yule mdogo wa mashimoni. Sungura mwenyewe, mrefu, masikio yenye ncha nyeusi, yule wa hadithi. Alitoka nyuma ya kigae akaja moja kwa moja, akasimama karibu kiasi kwamba Avril aliona pua ikifanya kazi. Akajikuna. Akamtazama kwa jicho moja la rangi ya kaharabu, kama karani anayemtazama mteja aliyekuja siku isiyo yake. Hakuna aliyesema umemkosa. Hakukuwa na mtu mbele wa kumkosesha. Sungura alipoondoka, aliondoka kwa wakati wake.

Avril akafungua kikopo cha keki, akachukua kile kisu kidogo cha jibini, akalala kifudifudi juu ya mawe, akapeleka mkono ndani ya ufa pamoja na ndimi zile za kijani, akaanza kukata kamba za buti.

Huku bondeni chai ilikuwa imemiminwa. Rosalind alikuwa amefika kwenye keki ya harusi. Mara tukasikia mngurumo, na bwana Iveson akatokea juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, uso mwekundu, mbwa nyuma yake, na mbele yake kondoo na wanakondoo wamejaa njia yote wanapiga kelele.

"Nani kaacha geti langu wazi?" akafoka. "Ninyi watu wa mikoba! Mnakuja kunusa maua, mnaniachia kondoo kwenye lami! Hamjui geti? Lina mlango, unafunga!"

Neville akasimama kwa heshima yake yote ya ukaguzi. "Bwana Iveson, samahani, lakini haiwezekani kuwa sisi. Geti hufungwa na mke wangu, na Avril hajawahi kuacha geti wazi maishani mwake."

"Basi geti limejifungua lenyewe, sivyo?"

"Nakwambia Avril hawezi…"

Na ndipo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, kundi zima likageuka likatazama nyuma. Hapakuwa na manjano popote.

"Avril?" akasema Neville. Sijawahi kumsikia akiita kwa sauti ndogo namna ile.

Alikimbia. Mtu mzee, buti nzito, alipanda kile kilima kama kijana aliyechelewa basi, na sisi nyuma yake tukichanganyika na kondoo. Tulipofika ukutani tulimwona Avril amekaa juu ya kigae, amevaa soksi mguu mmoja, anavua buti kutoka kwenye ufa kwa ncha ya fimbo, kama mtu anayevua samaki. Akalipata. Akalikung'uta.

"Umeumia?" Neville alipiga magoti. "Kipenzi, umeumia? Uko hapa muda wote? Kwa nini hukupuliza filimbi?"

"Sikutaka kusumbua."

"Kusumbua!" Alicheka, akajifuta pua kwa mkono. "Mungu wangu, Avril. Haya. Haya. Ngoja nikusaidie kufunga. Iko wapi kamba?"

"Nimeikata. Nimefunga kwa uzi wa kikopo cha keki. Nimeshatoka, Neville. Nimetoka mwenyewe."

Akasimama. Akajaribu mguu. Kisha akaivua ile reflekta, akaikunja mara moja ili jina lije juu, akamnyooshea.

"Nini hii?"

"Shika mkia, Neville."

"Leo?"

Nilikuwa karibu, na nilimwona Avril akiizuia ile "sawa tu" isitoke, alivyobana midomo kama mtu mwenye pini mdomoni. Neville aliitazama reflekta, akatutazama sisi. Sisi tukaangalia mawingu. Mwishowe akaipokea. Haikumtosha; akaitundika mabegani kama taulo.

"Mapinduzi!" akasema Rosalind. "Neville, mwenzangu, nikisimama kufunga kiatu utanisubiri?"

"Nitakusubiri," akasema Neville kwa unyonge, na watu wakacheka, yeye pia kidogo.

Hivyo Avril Capstick akapita katikati yetu, nasi tukampisha, akavuka geti wa kwanza. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye komeo, akaurudisha mfukoni. Akashuka njia ya bwana Iveson, akaingia msitu wa pili. Na mbele yake hapakuwa na mgongo. Ndege aliruka, alimwona yeye. Maua yalikuwa hayajakanyagwa. Alitembea haraka, alisema, haraka mno, kama mtoto anayeshuka mteremko, na kikombe cha Rosalind kilisikika mbali nyuma yake kama kengele ya kanisa la kijiji kingine.

Kisha akafika pale njia inapogawanyika, na akasimama.

Njia mbili. Zote zimekanyagwa, zote zinaingia chini ya miti ya kijani. Moja inakwenda Kondoo Mweupe, kwenye chakula na kikao. Nyingine inazunguka bonde na kwenda nisikokujua. Miaka yote ile alikuwa amepita hapa, kila Mei, na hakujua ipi ni ipi, kwani alipopita hapa alikuwa akifuata kikombe.

Akasikia buti zetu zikipunguza mwendo nyuma yake, zikasimama. Kwetu ni utovu wa adabu kumfundisha kiongozi njia, hasa kiongozi mpya. Ramani ilikuwa mfukoni mwa Neville, na Neville alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya kona, ametundika jina la mkewe mgongoni, na kwa kanuni mkia hapandi mbele mpaka aitwe. Akiitwa angekuja mbio. Angekuja na ramani, angesema "kushoto, kipenzi" au "kulia, kipenzi," na angebaki pale pale alipofika, mbele, bila kukusudia ubaya wowote.

Avril alisimama, uso kwenye msitu, na sote tukiutazama mgongo wake.

Alichofanya nakijua, nilikuwepo. Lakini kwanza niambie wewe, uliyekaa hapo ukinisikiliza: ungekuwa ni wewe, ungegeuka nyuma?